Mtoto wa Panga ya Saidi: Aliyefungwa Sanda Kabla ya Bafta



Wengi mnanifuata hapa kwa ajili ya mashela, magauni ya kupambia na mishono ya abaya, na wiki ijayo in shaa Allah tutarudi kwenye lesi. Leo nina habari ya kaburi. Mabibi harusi msinikimbie, maana humu ndani mna nguo, mna shanga, mna mama na mwanawe, na mna mto wa kulalia. Kwa sisi tuliosomea ushonaji ni habari ya kazi kabisa.

Kaburi lenyewe liko pwani yetu hii hii, upande wa Kenya, kaunti ya Kilifi. Ukitoka ufukweni ukaenda kama kilomita 15 kuelekea bara, ardhi inaanza kupanda vilima, na kwenye vilima hivyo kuna msitu wa pwani uliosimama juu ya mawe ya chokaa. Ndani ya mawe hayo kuna mapango. Moja linaitwa Panga ya Saidi, yaani pango la Saidi. Panga kwa watu wa kule ni pango, msije mkadhani ni panga la kukatia kuni.

Kuanzia mwaka 2010 wataalamu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya pamoja na wenzao kutoka Ujerumani na kwingineko walikuwa wakichimba humo pole pole, tabaka baada ya tabaka. Mwaka 2013 wakaona vipande vya kwanza vya mifupa midogo. Hawakuvitambua mara moja. Mwaka 2017, wakiwa wamefika kama mita tatu chini ya sakafu ya pango, wakalifunua shimo lote. Lilikuwa shimo la mviringo, udongo wake tofauti na udongo wa pembeni, na katikati mifupa iliyolainika kiasi kwamba ukiigusa inageuka unga.

Hapo walifanya kitu kilichonigusa. Hawakuing'oa. Walilizungushia plasta donge zima la udongo kama daktari anavyofunga mkono uliovunjika, wakalibeba hadi Nairobi, kisha likapelekwa Hispania, mji wa Burgos, kwenye kituo kinachochunguza asili ya binadamu. Huko wakalipiga picha za mashine zinazoona ndani, na kulichambua punje kwa punje. Aliyeongoza kazi hiyo ni mwanamke, María Martinón-Torres. Wakaona uti wa mgongo umejipinda, wakaona mbavu, wakaona uso na taya na vijino ambavyo vingine vilikuwa bado havijachomoza kwenye fizi.

Meno ndiyo yaliyotaja umri. Alikuwa mtoto wa miaka miwili na nusu, labda mitatu. Yule umri wa kuuliza "hiki nini?" kutwa nzima na kuvaa viatu vya mama. Wakampa jina la Kiswahili, Mtoto, na jina hilo ndilo lililoandikwa katika jarida la Nature mwezi Mei 2021 na kusomwa dunia nzima. Alizikwa takriban miaka 78,000 iliyopita. Hakuna kaburi la binadamu wa aina yetu linalojulikana Afrika lililo la kale kuliko hilo.

Hiyo hesabu inataka utulivu. Tangu Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipofariki mpaka leo ni karibu miaka 1,400. Chukua muda huo wote, uzidishe mara 55, bado hujamfikia huyu mtoto. Najua kuna watakaoniuliza, je, hiyo haigongani na Nabii Adam? Mimi si mwanachuoni, nina cherehani tu, lakini ninavyojua Qur'ani haikututajia miaka mingapi imepita tangu Adam. Wanaohesabu ni wanadamu. Na hesabu hii wameipata kwenye mchanga wenyewe. Chembe ya mchanga inapofukiwa gizani huanza kukusanya nguvu kidogo kidogo kutoka kwenye udongo unaoizunguka, na ikipigwa mwanga maabara inaitoa. Wakiipima wanajua ni lini ilionwa na jua mara ya mwisho. Nasema subhanallah, hata punje ya mchanga ina daftari lake.

Sasa njooni kwenye nguo.

Mtoto alilazwa ubavu wa kulia. Magoti yamekunjwa kuelekea kifuani, kama watoto wanavyolala wakisikia baridi alfajiri. Na wataalamu wanasema sehemu ya juu ya mwili wake ilikuwa imezungushiwa kitu na kufungwa kwa kukaza, na kichwa chake kiliwekwa juu ya mto.

Nilipolisoma hilo mara ya kwanza niliuliza, wamejuaje? Miaka 78,000 hakuna uzi unaobaki, hakuna ngozi wala jani. Jibu lao lingemridhisha fundi yeyote. Mwili ukizikwa bila kufungwa, nyama ikiisha mifupa hujiachia. Bega hushuka, mbavu hufunguka na kulala bapa kama mwavuli uliovunjika. Kwa Mtoto haikuwa hivyo. Mtulinga na mbavu za juu zilibaki zimebanwa kuelekea ndani, mahali pale pale ambapo mtu huvuta ncha ya kitambaa anapomfunga maiti. Yaani nguo imeoza, mkazo wake umebaki. Nacho kichwa kilikuwa kimeinamia mahali ambapo hapakuwa na mfupa wala jiwe, kama vile palikuwa na kitu laini chini ya shavu, kikaoza, na kichwa kikashuka taratibu kwenye nafasi yake.

Ukishona kwa muda mrefu unajua kusoma nguo ambayo haipo. Mteja anavua gauni, lakini ukimwangalia begani unajua mkanda ulipita wapi. Wale wataalamu walifanya kazi hiyo hiyo, ila wao walimsomea mtoto aliyevuliwa na wakati.

Alifungwa kwa nini hasa? Wenyewe wanafikiria majani makubwa au ngozi ya mnyama. Kusuka nyuzi kuwa kitambaa kulikuja baadaye sana. Mimi nakisia ngozi laini, kwa sababu jani halishiki mkazo namna ile, linachanika kwenye kona. Lakini hilo ni kisio la fundi, msilipeleke chuo kikuu. La hakika ni kwamba mtu alikaa chini na kile kitoto, akakikunja, akakizungushia, akavuta ikakaza, akatafuta kitu laini akakiweka chini ya shavu. Kisha udongo ukakusanywa pale pale pangoni ukamwagiwa juu yake upesi, kabla mwili haujaharibika. Hilo nalo wamelijua kwa sababu viungo vilibaki vimeshikana na kuoza kukafanyika humo humo shimoni.

Na shimo lilikuwa nyumbani. Panga ya Saidi palikuwa makazi. Watu walipika humo, walichonga zana zao za mawe humo, na katika tabaka za baadaye kidogo wakaacha mapambo. Upo ushanga mmoja uliotengenezwa kwa gamba la bahari, wa takriban miaka 65,000 iliyopita, na wakati habari zake zilipotolewa mwaka 2018 ulitajwa kuwa ushanga mkongwe kuliko wowote uliopatikana Kenya. Juu zaidi, kwenye tabaka za karibu miaka 25,000, zipo shanga za maganda ya mayai ya mbuni. Kwa hiyo mabibi harusi, mnaponiletea ushanga wa kushonea kifuani msidhani ni mambo ya kisasa. Pwani hii imeanza zamani.

Narudi kwenye mto, maana ndio ulioninyima usingizi. Sisi Waislamu tunajua namna ya kumlaza maiti wetu: ubavu wa kulia, uso kwenye kibla, ndani ya mwanandani, na chini ya shavu huwekwa udongo au tofali bichi ili kichwa kikae sawa. Mafundo ya sanda hufunguliwa. Kisha udongo mara tatu kwa mikono. Sidai hata kidogo kwamba watu wa Panga ya Saidi walikuwa na kibla. Ubavu wa kulia wa Mtoto unaweza kuwa ni bahati ya mkono uliomlaza. Ila huruma ile ya kutotaka kichwa cha mtoto kigonge ardhi kavu, hiyo naijua, na kila mama anaijua.

Katika Qur'ani, Sura ya Al-Maida, tunasomeshwa habari ya wana wawili wa Adam, na ya yule aliyemuua ndugu yake asijue amfanyeje mpaka Mwenyezi Mungu alipomtuma kunguru anayefukua ardhi ili amwonyeshe jinsi ya kuusitiri mwili. Somo la kwanza la maziko alilitoa ndege. Tangu hapo binadamu hakuliacha. Wanaochimba Mashariki ya Kati, kwenye mapango ya Skhul na Qafzeh huko Palestina ya kale, wamekuta makaburi ya watu kama sisi ya kati ya miaka 90,000 na 120,000 iliyopita. Afrika Kusini, kwenye pango linaloitwa Border Cave, kuna kichanga cha miezi michache kilichopatikana mwaka 1941, umri wake unakadiriwa miaka 74,000, na pamoja nacho kulikuwa na gamba la konokono wa bahari lililotobolewa ili livaliwe. Kichanga cha miezi michache na kidani chake. Tazameni: makaburi mawili ya kale kabisa ya bara letu, yote ni ya watoto.

Kuna jingine la Urusi ambalo kila fundi wa shanga anapaswa kulijua. Mahali panapoitwa Sunghir, miaka kama 34,000 iliyopita, walizikwa mwanamume mmoja na watoto wawili waliolazwa kichwa kwa kichwa. Nguo zao zilioza, lakini shanga zilizoshonewa zilibaki zimejipanga kwenye mistari yake juu ya mifupa. Ni shanga za pembe ya ndovu wa kale, zaidi ya 10,000 kwa jumla, kila moja imechongwa na kutobolewa kwa mkono. Mimi gauni moja la harusi lenye shanga kifuani na mikononi hunichukua wiki nzima na msaidizi, na shanga zenyewe nanunua zimetobolewa tayari. Wale walikaa miezi mingapi? Hakuna anayeshona namna hiyo kwa mtu asiyempenda.

Na huku kwetu Afrika Mashariki, kando ya ziwa Turkana, kuna eneo la makaburi linaloitwa Lothagam Kaskazini, lenye jukwaa la mawe na nguzo zilizosimamishwa na wafugaji wa kwanza kati ya miaka 5,000 na 4,300 iliyopita. Wanakadiria watu wasiopungua 580 wamelala hapo, wanaume, wanawake na watoto, na karibu kila mmoja kazikwa na pambo lake: shanga za mawe ya rangi, za mayai ya mbuni, hata kilemba kilichopambwa kwa mamia ya meno ya panya wadogo wa jangwani. Hakuna aliyetengwa kwa sababu ya udogo wake. Sisi Tanzania tuna vilima vya makaburi vya mawe ndani ya kreta ya Ngorongoro. Mary Leakey alivichimba mwaka 1941 akakuta mabakuli ya mawe na shanga.

Kwa nini vingine vimebaki na vingine vimepotea? Ulaya wanalo jibu rahisi. Uingereza, Denmark na Ujerumani zamani walifukia watu wao chini ya vilima vya udongo, maelfu kwa maelfu. Vilivyokuwa mashambani vimesawazishwa na jembe, leo utaviona kwa picha ya angani tu. Vilivyoangukia msituni bado vimesimama, na miti juu yake, kwa sababu ng'ombe wa jembe hapiti katikati ya miti. Msitu ni ukuta usiojengwa. Panga ya Saidi nayo imekaa hivyo, kwenye ukanda ambapo msitu na nyasi hukutana, na wataalamu wanasema mazingira hayo hayakubadilika sana kwa maelfu ya miaka, ndiyo maana watu waliendelea kurudi hapo.

Watu wa upande huo, Wamijikenda, wanazo kaya zao. Kaya ni msitu uliozunguka kijiji cha asili cha mababu, na ndani yake mna makaburi ya wazee wa kwanza. Vijiji vyenyewe vilihamwa, misitu ikaachwa chini ya wazee wa kaya, na mwiko ukawekwa: hukati mti, huokoti hata ukuni mkavu bila idhini, hulishi ng'ombe. Mwaka 2008 UNESCO iliziingiza kaya hizo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, misitu kadhaa iliyotawanyika kwenye urefu wa kama kilomita 200 za pwani. Mimi mambo ya matambiko siyafuati na dini yangu inanikataza kuomba kaburini. Lakini mwiko wa kutokata mti juu ya kaburi la mtu sina ugomvi nao. Umefanya kazi ambayo sheria za maandishi zimeshindwa pengi.

Hapa ndipo habari inapofika Mlandizi.

Mimi niko Mlandizi, barabara ya Morogoro, duka langu liko hatua chache kutoka kwenye vumbi la malori. Wasiopajua: ni mji unaokua upesi, ukitoka Kibaha mjini unaendelea mbele kuelekea mto Ruvu. Ardhi ya Wazaramo na Wakwere. Nyuma yetu kuna misitu ya hifadhi, Ruvu Kaskazini na Ruvu Kusini, na ukivuka kwenda Kisarawe kuna Pugu na Kazimzumbwi. Ile ya Ruvu Kusini imeliwa na mkaa mpaka inatia huruma. Magunia yake ndiyo yaliyopika pilau la harusi nyingi za Dar es Salaam, tukiwa wakweli.

Wazaramo wa zamani, kabla Uislamu haujaenea vizuri ndani ya bara, walikuwa na mwana hiti, kijisanamu cha mti chenye kichwa na kiwiliwili cha mviringo. Mwali akiwekwa ndani hupewa, akakitunza kama mtoto, akakipaka mafuta, akakivisha shanga, ili naye Mungu amjaalie uzazi. Umbo lile lile lilichongwa pia kwenye nguzo za makaburi. Siwaambii mkafanye hivyo, wala sisi hatufanyi, ila fikirini maana yake: umbo moja kwa mwali na kwa kaburi. Bibi zetu walijua kwamba mwanamke anaingia kwenye ndoa akiwa na hofu ya mambo mawili, kukosa mtoto na kumpoteza.

Makaburi mengi ya huku hayana nguzo wala mnara. Bagamoyo kule Kaole kuna msikiti wa mawe na makaburi yenye nguzo ndefu, mji wa tangu karne ya 13, na Kunduchi kuna nguzo zilizopachikwa mabakuli ya Kichina. Hizo zina walinzi na kibao cha serikali. Kwa mujibu wa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, jengo la kabla ya mwaka 1863 linalindwa. Lakini mtu wa kawaida wa Mlandizi alizikwa porini, chini ya mbuyu au mkwaju, jiwe kichwani, jiwe miguuni, labda sahani au bakuli alilokuwa akilitumia likaachwa juu. Alama yake kubwa ilikuwa ni lile pori lenyewe. Likifyekwa, kaburi limefutika.

Na pori linafyekwa. Kila wiki naletewa habari ya viwanja. Nina mteja mmoja, mama mtu mzima, alikuja kushonesha nguo za harusi ya bintiye wa mwisho. Wakati napima urefu wa mikono akaniambia kwamba mtoto wake wa kwanza alifariki akiwa na miaka mitatu, wakazika kwenye makaburi ya ukoo upande wa nyuma ya mji. Mnajua sisi wanawake wa Pwani hatuendi mazikoni. Tunabaki ndani, tunasikia tahalili ikipungua sauti barabarani, basi. Yeye alionyeshwa mahali hapo baadaye na shemeji yake: mti wa mkwaju, hatua tano. Sasa kabla ya harusi alitaka kwenda kumwombea dua mwanawe. Akakuta ukuta wa tofali, geti la bluu, na mkwaju haupo. Shemeji amefariki. Waliouza, ukiwauliza, kila mmoja anamtaja mwenzake.

Alinisimulia hayo bila kulia, mikono ameinyoosha kwa ajili ya futi kamba. Mimi ndiye niliyeshindwa kuandika vipimo.

Kwa hiyo niliposoma habari ya Mtoto, sikuisoma kama mambo ya wazungu na mifupa. Mtoto wa miaka mitatu wa Kilifi amekaa miaka 78,000 na mahali pake panajulikana kwa sentimita. Mtoto wa miaka mitatu wa Mlandizi hakumaliza miaka 40.

Wapo watakaosema, dada, marehemu hakai kaburini, roho iko kwa Mola wake, na watoto wadogo wako mikononi mwa Nabii Ibrahim kama tulivyofundishwa. Ni kweli na naamini. Lakini dini hiyo hiyo imetukataza kukaa juu ya kaburi na kuvunja mfupa wa maiti, na imetuhimiza kuyazuru makaburi ili tukumbuke akhera. Utazuru nini kama kuna choo juu yake?

Iko sheria. Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969 inahusu ardhi inayotakiwa kwa manufaa ya umma, kama barabara au reli. Inataka taarifa itolewe, ndugu wapate nafasi ya kusema, na gharama za kufukua, kusafirisha na kuzika upya zilipwe. Mtu binafsi aliyenunua kiwanja hana ruhusa ya kusukuma makaburi kwa trekta. Shida ni kwamba ili ndugu waseme, lazima makaburi yawe yanajulikana, na mara nyingi anayejua yalipo ni bibi mmoja wa miaka 80 ambaye hakuna aliyemuuliza.

Muulizeni. Hasa nyinyi mnaoolewa. Kwenye kikao cha harusi tunataja koo zote, babu mzaa babu, tunajua nani ni mjomba wa nani, lakini tunasahau kuuliza amelala wapi. Mwambie akupeleke kama bado anatembea, piga picha kwa simu, simu siku hizi inakuandikia mpaka mahali ulipo kwenye ramani. Pelekeni majina serikali ya mtaa au ya kijiji kabla wapimaji hawajaja, kwa sababu wakishaweka mawe ya mipaka kugeuza ni kazi. Na mkipanda kitu pandeni mti wa kudumu, mkwaju au mwembe, msipande mgomba.

Neno moja la kazi kwa wale wanaojifunza ushonaji, kwa sababu naulizwa sana. Sanda ya mwanamke ni nguo tano: ya kiunoni, kanzu, mtandio wa kichwa, na mbili za kuzungushia. Bafta nyeupe, haipigwi pasi ya mapambo, haipindwi pindo, wala haitiwi ovaloki. Mtoto mdogo kitambaa kimoja kinachomfunika mwili wote kinatosha, na wengi humfunga vitatu. Kata kwa kuchana kwa mkono kufuata uzi, usitumie mkasi kupamba kingo. Kitambaa cha mtoto usikibane bei. Mimi sichukui faida kwenye bafta ya mtoto, kila fundi na nia yake, ila jirani zangu wengi nao hawachukui na hatukuwahi kukaa kikao juu ya hilo.

Yule mama binti yake aliolewa salama alhamdulillah, gauni lilikuwa la rangi ya maziwa na shanga kidogo shingoni. Na wazee wa mtaa, baada ya maneno kuwa mengi, mwezi uliopita waliwachukua vijana wanne na bibi mmoja aliyebebwa kwenye bodaboda, wakaenda kwenye kipande cha pori kilichobaki nyuma ya mji. Bibi alionyesha makaburi 23. Kila moja walilifungia kitambaa cheupe kwenye kijiti mpaka mpimaji atakapokuja. Bafta ilitoka dukani kwangu, mita sita, nimeichana mwenyewe kwa mkono.